Kwa nini ekspoti zangu karibu zote ni za kusoma tu

Kazi yangu ni kutunza seva za faili, na vilivyomo ndani ya seva hizo ni vitu ambavyo vikipotea havirudi: sauti za watu waliohojiwa zamani na wengine wameshatangulia mbele ya haki, picha za hati ambazo karatasi zake zinameguka zikiguswa, vipimo vya misimu iliyokwisha kupita. Wanaovihitaji ni wengi. Kuna kompyuta za wachambuzi, kuna mashine za kugeuza sauti kuwa maandishi, kuna seva ya wavuti inayoonyesha picha. Zote zinaifikia hazina ile ile kupitia NFS, itifaki ya kushirikisha faili kwenye mtandao, na karibu kila ekspoti, yaani saraka ambayo seva inaitoa kwa kompyuta nyingine, nimeitoa kwa kusoma tu. Kila anayejiunga nasi huuliza kwa nini nimekuwa mgumu hivyo, ilhali kila faili tayari ina ruhusa zake za Unix. Nimelijibu swali hilo kwa mdomo mara nyingi, lakini linahitaji nafasi kuliko inayopatikana mtu akiwa amesimama mlangoni.

Tuanze na kile ambacho seva inakijua kuhusu anayeomba. NFS ilitoka Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1980. Toleo la pili liliandikwa katika RFC 1094, moja ya hati rasmi za itifaki za intaneti, mwaka 1989, la tatu katika RFC 1813 mwaka 1995, na yote mawili yalilelewa kwenye mitandao ambamo kila kompyuta ilikuwa na msimamizi anayejulikana. Hadi leo, ukiweka NFS bila kuongeza kitu, utambulisho unaotumika ni AUTH_SYS, ule unaoandikwa `sec=sys`. Ombi linafika likiwa limebeba namba: mimi ni mtumiaji 1004, kundi langu ni 1004, na haya ni makundi yangu mengine, yasiyozidi 16. Hakuna nenosiri, hakuna cheti. Seva inazipokea namba hizo kama zilivyo, kisha inazilinganisha na ruhusa za faili.

Nani kazitaja? Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ya kompyuta inayoomba. Aliye root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, kwenye kompyuta hiyo anaweza kuwa 1004 kwa amri moja ya `su`, na mara baada ya hapo akawa 1005. Watu hujifariji kwa `root_squash`, ambayo kwenye Linux huwa imewashwa bila kuombwa. Ni kinga nzuri, lakini inachofanya ni kuigeuza namba 0 kuwa 65534, yule mtumiaji asiye na chake. Namba nyingine zote zinapita. Faili za root zinalindwa, za 1004 hazilindwi, na kwenye hazina kama yangu hakuna faili ya maana inayomilikiwa na root. Hata sharti la `secure`, linalotaka ombi litoke kwenye poti iliyo chini ya 1024, linathibitisha tu kwamba aliyelituma ana mamlaka kwenye mashine yake. Wakati ambapo idara nzima ilitumia kompyuta moja, hilo lilikuwa na uzito. Siku hizi kila mwenye kompyuta mpakato ni root wa mpakato wake.

Hapo ndipo `ro`, sharti la kusoma tu, inapojitenga na mengine. Seva haimuulizi mtu jina inapoamua kwamba ekspoti hii haiandikwi. Ukija kama 1004, kama 0, kama namba uliyoibuni sasa hivi, jibu ni moja. Kuandika, kuunda, kufuta, kubadili jina, kubadili ruhusa au tarehe ya faili: kila ombi la aina hiyo linarudi na kosa namba 30, ambalo itifaki inaliita NFS3ERR_ROFS, na kwenye skrini ya mtumiaji linasomeka "Read-only file system". Uamuzi umefanyika upande ninaoutunza mimi, na haukutegemea ukweli wa neno lolote lililotoka upande wa pili. Katika NFS ya `sec=sys` sijui kinga nyingine ya kuandika ambayo naweza kuisemea hivyo.

Ndiyo maana nasisitiza lazima tujue `ro` imewekwa wapi. Maelekezo mengi yanafundisha kuiandika kwenye `/etc/fstab` ya mteja, yaani kompyuta inayopachika, na kuishia hapo. Hiyo ni hiari ya mteja. Root wa pale akiandika `mount -o remount,rw`, yaani pachika upya kwa kusoma na kuandika, hiari imebadilika na seva haikuhusishwa kabisa. Mimi huiweka pande zote mbili: upande wa mteja kwa sababu programu inapata jibu mapema bila kusumbua mtandao, na upande wa seva kwa sababu ndipo kinga ilipo. Ikibidi nichague upande mmoja, nachagua seva bila kusita.

Mstari wangu wa kawaida kwenye `/etc/exports` unafanana na huu:

`/srv/hazina 192.0.2.0/24(ro,all_squash,anonuid=3000,anongid=3000,no_subtree_check)`

`all_squash` inazifuta namba zote zilizotajwa na mteja, na `anonuid` pamoja na `anongid` zinawavisha wote namba moja ninayoichagua mimi. Kwenye seva, 3000 ni akaunti ya msomaji isiyomiliki faili hata moja. Faili zinamilikiwa na akaunti nyingine, ya mtunzaji, na kundi la 3000 lina ruhusa ya kusoma tu. Watu huniuliza kwa nini nahangaika na umiliki ikiwa `ro` ipo. Sababu yangu ni kwamba mstari huu utahaririwa siku moja na mtu mwenye haraka, na siku hiyo nataka kuwe na ukuta wa pili.

Kwenye umiliki kuna jambo ambalo halionekani hadi mtu aelewe NFS inavyofanya kazi. Kwenye diski ya kawaida, Unix hukagua ruhusa wakati wa kufungua faili, halafu programu inaendelea kusoma na kuandika hata ruhusa zikibadilishwa katikati. Toleo la tatu la NFS halina kufungua: kila ombi la kusoma au kuandika linafika peke yake na kukaguliwa peke yake. Ili programu zisivunjike, seva humruhusu mwenye faili kusoma na kuandika faili yake hata kama ruhusa zilizoandikwa zinamkataza. Kwa hiyo ukimpa msomaji umiliki wa faili, kisha ukaweka 0444, ruhusa ya kusoma tu kwa wote, ukidhani umeifunga, hujaifunga. Kwa sababu inayokaribiana na hiyo, faili yenye ruhusa ya kutekelezwa bila ruhusa ya kusomwa inasomeka kupitia NFS, kwani mteja hawezi kuendesha programu bila kwanza kuzileta baiti zake. Kwenye kernel ya Linux, ukaguzi wa `ro` unatangulia huo upendeleo wa mwenye faili, na hiyo ni sababu moja zaidi ya mimi kuitegemea.

Sasa niseme kuhusu nafasi tupu, maana inaumiza watu waangalifu. Tazama tofauti ya mistari hii miwili:

`/srv/hazina kituo1(rw)`

`/srv/hazina kituo1 (rw)`

Wa kwanza unampa kituo1 ruhusa ya kuandika. Wa pili unampa kituo1 masharti ya kawaida, ambayo ni kusoma tu, kisha unaupa ulimwengu mzima ruhusa ya kuandika. Mwongozo wa `exports` wenyewe unaonya kuhusu hili, lakini jicho linalopitia faili ndefu halizioni nafasi tupu. Ndiyo maana huwa siamini faili niliyoiandika. Naamini `exportfs -v`, inayoonyesha kile ambacho seva imeelewa, pamoja na masharti yote ambayo sikuyataja. Na kumbuka kwamba kuhariri `/etc/exports` peke yake hakubadilishi kitu hadi uendeshe `exportfs -ra` au huduma ianzishwe upya. Nimekuta seva ambayo faili yake ilisema `ro` na orodha iliyokuwa ikitumika ilisema `rw`.

Jambo jingine la kuangalia ni mteja anayeingia kwenye vigezo viwili. Ukiandika mtandao mzima kwa `ro` na anwani moja ya mtandao huo huo kwa `rw`, Linux haifuati mpangilio wa kuandikwa. Kompyuta iliyotajwa peke yake inaushinda mtandao, na mtandao unaushinda mtindo wa majina wenye nyota. Kwa hiyo anwani ile moja itaandika, hata ukiitaja ya mwisho. Utaratibu huo ni mzuri ukiukumbuka. Hatari yake inakuja mashine ile ikistaafu na anwani yake kupewa mashine nyingine: ruhusa ya kuandika inarithiwa na mgeni ambaye hakuna aliyemfikiria. Kila `rw` kwenye faili zangu ina mstari wa maelezo juu yake unaosema ni ya nani na itaondoka lini, na ninazipitia kila mashine inapozimwa.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa ni hili la mipaka. Tuseme mfumo mmoja wa faili umepachikwa `/srv`. Ndani yake kuna `/srv/hazina` unayoitoa kwa `ro`, na `/srv/mapokezi` unayoitoa kwa `rw` ili watu walete vitu vipya. Kwa macho ni saraka mbili zenye sheria mbili. Lakini ombi la NFS halibebi njia ya saraka. Linabeba kishikio, mfululizo wa baiti ambao kwa kawaida unataja mfumo wa faili na namba ya inodi, yaani kumbukumbu inayoitambulisha faili ndani ya mfumo huo. Seva inaweza kujua kwa urahisi kwamba inodi hiyo imo ndani ya mfumo wa faili uliotolewa. Kujua kama iko chini ya saraka fulani ndani ya mfumo huo ni kazi ngumu zaidi. Ukaguzi huo unaitwa `subtree_check`, na tangu toleo la 1.1.0 la nfs-utils, programu za NFS za Linux, huwa umezimwa, kwa sababu unaleta matatizo faili zikibadilishwa majina wakati zimefunguliwa. Matokeo yake ni kwamba mtu anayejua kuunda kishikio, akiwa na ekspoti ya `/srv/mapokezi` yenye kuandikwa, anaweza kujaribu kugusa inodi iliyo kwenye hazina. Ukuta aliouona msimamizi kati ya saraka mbili haupo kwenye itifaki.

FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji wa jamii ya Unix, kwa maoni yangu inalisema hili kwa uwazi kuliko Linux. Mwongozo wake unaeleza kwamba masharti ya ekspoti yanafungwa kwenye mfumo wa faili wenyewe ndani ya kerneli, hivyo hayaruhusiwi kupingana kwa saraka mbili za mfumo mmoja, na kompyuta moja haiwezi kutajwa mara mbili kwa mfumo huo huo. Mtu akilalamika kwamba FreeBSD inamkatalia, mimi humwambia imemweleza mpaka halisi uko wapi. Kwenye Linux unaweza kuandika unachotaka, na kazi ya kukumbuka inabaki kwako. Hazina yangu ina mfumo wake wa faili, mapokezi yana wake, na kati yao hakuna inodi ya pamoja.

Swali linalofuata daima ni jinsi vitu vipya vinavyoingia. Mwenye rekodi mpya anaiweka kwenye mapokezi, pamoja na faili ya SHA-256, alama inayobadilika data ikibadilika, aliyoitengeneza kwenye chanzo. Programu ndogo inayoendeshwa ndani ya seva inakokotoa upya, inalinganisha, inakubali au inakataa, kisha ikikubali inanakili kwenye hazina kwa akaunti ya mtunzaji na kukokotoa mara ya tatu kutoka kwenye nakala yenyewe. Hakuna mteja anayeandika kwenye hazina, hata kompyuta yangu mwenyewe. Kila usiku hazina inachukuliwa snapshoti, yaani taswira ya hali yake ya wakati huo, na snapshoti za ZFS, mfumo wa faili ninaoutumia, kwa asili yake haziandikwi na yeyote.

Faida ya hayo yote niliiona waziwazi siku mwenzetu wa uchambuzi aliponiandikia: "Kaka, seva ina shida, inakataa amri zangu." Skripti yake ilikuwa inasafisha saraka ya muda baada ya kazi, na kigezo chenye jina la saraka hiyo kilikuwa kimebadilishwa na mtu wa kabla yake kikaelekezwa kwenye hazina. Skrini yake ilijaa mstari ule ule wa "Read-only file system", mmoja kwa kila faili ambayo `rm` ilijaribu kuifuta, na nyuma ya kila mstari kulikuwa na sauti ya mtu. Nilimwomba asiifunge skrini, tukaisoma pamoja, akairekebisha skripti. Kwa ruhusa za Unix peke yake, namba yake ya mtumiaji ingefanana na ya mwenye faili kwenye sehemu kubwa ya zile rekodi, kwa sababu namba hizo ziligawanywa zamani bila mpango wa pamoja. Programu za kihalifu zinazofunga faili na kudai fidia zinafuata njia hiyo hiyo: zinaandika popote mwathirika anapoweza kuandika.

Kusoma tu kuna usumbufu wake, na ni haki kuusema. Programu nyingi zinataka kuacha kitu kando ya data: picha ndogo, faili ya kufuli, faharasa. Baadhi zinakata tamaa kimya kimya na kuendelea, kama Python isipoweza kuandika `__pycache__`. Nyingine zinaanguka. SQLite, programu ya hifadhidata inayokaa ndani ya faili, ni mfano ninaokutana nao sana: hifadhidata iliyo katika hali ya WAL, inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya kando, haifai kabisa kwenye mfumo wa faili wa mtandao, na hata nje ya WAL ni vyema iambiwe waziwazi kwamba faili haibadiliki, kwa `immutable=1`, ili isitafute kufuli. Kwa programu zinazong'ang'ania kuandika, nawapa wachambuzi overlayfs, mfumo wa kupanga saraka kwa matabaka: hazina inakuwa tabaka la chini, diski ya mashine yao inakuwa tabaka la juu, na kila wanachoandika kinabaki kwao. Mwanzoni wanaona ni kazi ya ziada. Baadaye wanaipenda, kwa sababu wanaweza kulifuta tabaka la juu na kuanza upya bila hofu.

Upo pia unafuu wa kasi ambao watu hawautarajii. Mteja wa Linux huhifadhi sifa za faili kwa sekunde 3 hadi 60 kabla ya kuuliza tena, na kila faili inapofunguliwa anaihakiki na seva. Kwa data isiyobadilika, nimerefusha muda huo kwa `actimeo` na nimeweka `nocto` ili kuondoa uhakiki wa kila ufunguzi. Kazi zinazofungua faili ndogo nyingi zimepata nafuu kubwa. Nisingethubutu kufanya hivyo kwenye ekspoti inayoandikwa.

Lakini `ro` haisemi lolote kuhusu nani asome. Aliye ndani ya mtandao ule anasoma kila kitu ambacho namba 3000 inaruhusiwa, na kwa `sec=sys` baiti zinapita wazi kwa yeyote anayesikiliza njiani. Kwa picha za hati ambazo tayari ziko wavuti, hilo halinisumbui. Kwa sauti za watu waliozungumza kwa sharti la faragha, linanisumbua sana, na hapo natumia Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, kwa `krb5p`, ambayo inamtambua mtu kwa uthibitisho na kuficha yaliyomo njiani. Linux inaruhusu hata kuchanganya ndani ya ekspoti moja: `sec=sys,ro,sec=krb5p,rw`, yaani aliyejithibitisha anaandika, asiyejithibitisha anasoma. Nimeitumia kwenye saraka za kazi za pamoja na imetulia. Kwenye hazina siitumii, kwa sababu aliyethibitishwa naye huendesha skripti.

Tangu mwaka 2022 kuna pia RFC 9289, inayoeleza jinsi ya kupitisha maombi haya ndani ya TLS, njia ya kuficha mawasiliano, na Linux ina sharti la `xprtsec` kwenye `exports` kwa ajili hiyo. Mteja anaweza kutakiwa kuonyesha cheti cha mashine yake kabla ya kuzungumza. Hilo linajibu swali la ni kompyuta gani inayoomba, jambo ambalo anwani ya IP haijawahi kulijibu vizuri. Bado halijibu ni mtu gani aliyekaa mbele yake.

Kila ninapobadilisha chochote, nafanya jaribio nikiwa root kwenye mashine ya mteja, maana ndiye ninayejilinda naye. Napachika upya kwa `rw`. Najaribu `touch`, najaribu kufuta, najaribu kubadili jina, kisha nachukua namba ya mtunzaji kwa `su` na kurudia yote. Halafu nahamia kwenye mashine isiyo kwenye orodha na kuhakikisha kupachika kwenyewe kunakataliwa. Jaribio hilo sasa ni skripti inayoendeshwa kila usiku baada ya snapshoti, na ikifanikiwa kuandika hata baiti moja, simu yangu inalia.